Ile Haikuwa Usajili, Ilikuwa Pilau

Ndugu zangu, anayetaka kuonja presha kabla ya uzee na akubali ukatibu wa timu ya mtaa hapa Makorora. Watu wa Tanga tuna jeuri ya soka, kwani Coastal Union ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na ukipita vijiwe vya Ngamiani leo utasimuliwa mabao ya wakati ule kana kwamba mpira umeisha jana pale Mkwakwani. Katika masimulizi yote hayo sijasikia hata mzee mmoja akimtaja katibu aliyekuwa akikimbizana na fomu.

Zamani mchezaji alitakiwa kuwa na miguu. Siku hizi anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, picha safi, na namba ya FIFA Connect, ambayo mtu hupewa moja tu maishani na humfuata katika kila klabu atakayoichezea. Nilipomdai kipa wetu cheti, aliniletea kadi ya kliniki yenye doa la mchuzi, ambayo kwenye nafasi ya jina imeandikwa "Mtoto", basi. Beki wetu wa kati, kwa kubana matumizi, aliikata picha yake ya harusi, na begani mwake umebaki mkono wenye hina, bila mwenyewe. Mkono huo nao tuusajili?

Hayo yote yana nafuu. Aliyenimaliza ni winga wa kushoto, tegemeo letu, ambaye jina lake lilipoingizwa kwenye kompyuta ya chama cha soka, mfumo ulijibu kwamba tayari ni mchezaji halali wa klabu nyingine. Aliapa kwamba hajawahi kusaini popote. Nilipombana sana, akakumbuka karatasi aliyopewa baada ya bonanza fulani, sahani ikiwa mkononi.

"Katibu," akanieleza kwa upole, "ile haikuwa usajili, ilikuwa pilau."

Katibu wa klabu hiyo, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni shemeji yangu, hakatai kumwachia. Anataka kwanza mipira miwili mipya na seti ya jezi, na undugu ameuweka kando mpaka dirisha la usajili lifungwe. Dirisha lenyewe linafungwa Ijumaa, mtandao unasumbua tangu asubuhi, na winga amemtuma mtu aniulize kama siku ya kusaini kwetu kutapikwa chochote.