Kabla ya Kupanda Ngano Kasulu, Tupime Udongo

Ngano inapotajwa hapa nchini, wengi hufikiria Hanang, Karatu au Makete. Kwa kuwa Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, ni haki wakulima wa vilima vya Kasulu na Buhigwe, mkoani Kigoma, nao waulize kama zao hili linawafaa. Jibu la swali hilo, kwa maoni yangu, litafutwe kwanza kwenye udongo, kwani hali ya hewa ya ubaridi peke yake haijazi gunia.

Udongo mwekundu wa miinuko hii umeoshwa na mvua nyingi kwa miaka mingi, na mara nyingi una tindikali. Ngano hustawi vizuri pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, ikiwa kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, huku fosforasi ikishikiliwa na udongo hata mmea usiipate. Mkulima wa shamba la namna hiyo anaweza kununua mbolea ya kupandia, hata ile ya ruzuku, akaimwaga yote na bado akavuna haba, kwa sababu kilichotakiwa kutangulia ni chokaa ya kupunguza tindikali.

Ndiyo maana nina shaka na ramani ya rutuba inayoipaka wilaya nzima rangi moja. Tazama shamba la familia moja tu: karibu na nyumba ipo migomba, ambako samadi, majivu na maganda ya jikoni humwagwa kila siku, na udongo wake ni mweusi na laini; ukishuka hatua mia mbili hivi hadi kwenye mihogo, unakuta udongo mwekundu, mgumu na uliochoka. Anayechota udongo wa sehemu hizo mbili na kuuchanganya katika ndoo moja atapata wastani usioeleza hali ya mgombani wala ya kwenye mihogo, na ngano, bila shaka, itapandwa huko mbali na nyumba.

Kila sehemu basi ichukuliwe sampuli yake: kutembea kwa kupindapinda, kuchimba mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, kukwepa vichuguu, njia na mahali palipolundikwa samadi, kuchanganya katika ndoo safi ya plastiki, kisha kuanika kivulini. Majira ya nukta ya eneo husika, yaani namba za GPS zinazoonyesha mahali lilipo, yaandikwe papo hapo. Simu janja za kawaida zenye GPS zinatosha kwa kazi hiyo.

Majibu ya maabara nayo yamrudie mwenye shamba kwa Kiswahili, yakitaja kiasi cha chokaa kwa ekari, na halmashauri ipange mapema usafiri wake, maana chokaa huhitajika kwa tani, na mzigo wa namna hiyo mkulima hawezi kuupandisha Manyovu kwa baiskeli.