Nafasi ya Taswira na Hisia katika Kuelewa Sitiari

Mwaka 1978 wanafalsafa wawili walitofautiana kuhusu sitiari. Paul Ricoeur wa Ufaransa alitetea kwamba taswira na hisia si pambo linaloongezwa baada ya maana kupatikana, bali ni sehemu ya kuelewa kwenyewe. Donald Davidson wa Marekani alishikilia kwamba maneno ya sitiari hayana maana nyingine iliyofichika zaidi ya ile ya kawaida, na kwamba kazi yake ni kutufanya tutambue jambo.

Tuchukue sentensi hii: "Kimya chake kilikuwa mlango uliokomewa kwa ndani." Msomaji makini hupata zaidi ya habari kwamba mtu hajibu, kwa sababu ndani ya mlango huo yumo mtu anayesikia hodi, na komeo ameliweka mwenyewe. Badilisha neno moja tu, useme "kwa nje", na mtu yuleyule anakuwa mfungwa. Kamusi haitaji tofauti hiyo inapofafanua kimya wala mlango. Humjia anayejiona amesimama pale akibisha, na uchungu wa kubisha bila kufunguliwa ndio unaomwonyesha kwamba kimya hicho ni uamuzi.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili zina uzito. Tukisikia kwamba fulani amevunjika moyo, tunaelewa papo hapo bila kuona vipande vya moyo, kwa kuwa mazoea yamekwisha kuifuta picha. Tena wapo watu wasioweza kuunda picha akilini, hali iliyopewa jina la afantasia mwaka 2015, nao husoma na hata kutunga hadithi. Kwa maoni yangu, basi, picha husaidia lakini si sharti. Kinachohitajika zaidi ni msomaji kujua amewekwa upande gani wa jambo, na hapo hisia hutangulia.

Lakini hisia nayo hupotosha, na hili linanitia wasiwasi kuliko yote. Mwaka 1994 nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Sitiari hiyo ilieleweka upesi, kinyaa chake kikawafikia wasikilizaji, lakini haikuwaonyesha lolote la kweli kuhusu waliotajwa. Ndiyo maana sikubali kwamba sitiari inayotugusa zaidi ndiyo tuliyoielewa zaidi: ule mlango hutufanya tumfikirie aliye ndani, ilhali neno mende lilikusudiwa kuzuia fikira hiyo hasa.