Hidrojeni ya kijani: iwashe taa zetu au iende shambani?

Chukua uniti 55 za Luku. Zipeleke kwenye mtambo unaotenganisha maji kwa umeme, utapata kilo moja hivi ya hidrojeni; umeme ukiwa wa jua, maji au upepo, huitwa ya kijani. Ichome kilo hiyo kufua umeme tena, utarudishiwa uniti 15 hadi 20. Zilizobaki zimepotea njiani, nyingi kama joto. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisite kila ninaposikia hidrojeni ikitajwa kuwa mkombozi wa umeme wa Kaskazini mwa Tanzania.

Wanaoitetea wana hoja nzito, tena hapa Moshi tunaielewa vizuri. Mabwawa yanategemea mvua. Mwishoni mwa 2022 maji yalipungua na mgao ukarudi. Sola nayo ina msimu: Juni na Julai mawingu yanaweza kutufunika siku nzima. Betri huhifadhi umeme wa saa chache, ilhali hidrojeni iliyotengenezwa kwa jua la Januari inaweza kukaa hadi miezi ya baridi. Ikiungua haitoi kaboni, ingawa moto wake mkali huzalisha oksidi za naitrojeni, gesi zinazochafua hewa, ambazo lazima zidhibitiwe.

Shida ni pa kuiweka. Ni gesi nyepesi kuliko zote: ama uishindilie kwa mgandamizo mkubwa sana, ama uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Nchi zinazopanga kuihifadhi kwa wingi zinategemea mapango ya chumvi ardhini. Sisi chini ya Kilimanjaro na Meru tuna miamba ya volkano. Hata kuichanganya na gesi asilia ya mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, hakusaidii sana: asilimia 30 ya ujazo hupunguza kaboni kwa takribani asilimia 11 tu. (Hoja ya maji, kwa maoni yangu, hukuzwa mno. Kilo moja huhitaji lita 9 hivi, ila yawe yamesafishwa hasa, na Arusha hiyo ina maana ya kuondoa floraidi kwanza.)

Halafu ugonjwa wetu ni umbali. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji. Ndiyo maana mwaka 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua megawati 100 za Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kaskazini, kwa sababu ya umeme unaopotea kwenye nyaya. Sola iliyojengwa huku huku ingetumika mchana bila kusafiri, na maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yakasubiri usiku. Maji hayo yakitoka hapo hufua umeme tena Hale na Pangani. Hilo bwawa ni betri tuliyo nayo tayari.

Ila sitaki hidrojeni ifutwe. Karibu na Naivasha, Kenya, kuna mtambo mdogo shambani unaotumia sola kutengeneza amonia ya mbolea. Hapo hakuna haja ya kuirudisha hidrojeni iwe umeme, kwa hiyo hasara ya hatua hiyo inakwepwa. Mkulima wa mahindi wa Hai, aliyeumizwa na bei ya urea mwaka 2022, angefaidika nayo kuliko mwenye friji Njiro. Kikwazo ni kwamba mtambo unaotegemea jua hulala zaidi ya nusu ya siku, na gharama ya kulala huko inaingia kwenye kila mfuko wa mbolea. Hesabu hiyo ya mfuko ndiyo ningetaka wataalamu wetu waanze nayo, kabla ya ile ya megawati.