Mound Bayou: hospitali ya chama cha kufa na kuzikana, na nani aliyeizika

Ukisikia chama chenye majoho, neno la siri na vyeo vya kutamka kwa pumzi mbili, wazo la kwanza ni ushirikina au, kama kawaida yetu, Freemason na kafara. Ndiyo maana historia ya Knights and Daughters of Tabor kule Mound Bayou, Mississippi, husomwa vibaya. Majoho yalikuwepo. Ukiyavua, unakuta daftari la ada: chama cha kufa na kuzikana ambacho siku moja kiliamua kisingoje mwanachama afe ndipo kimfae.

Chama kilianzishwa na Moses Dickson, Independence, Missouri, mwaka 1872. Mound Bayou ni kimji cha watu Weusi kilichoasisiwa 1887 na Isaiah Montgomery na wenzake waliotoka utumwani, na hakikuwa na wakazi hata 2,000. Februari 1942, chini ya Perry Smith, wanachama wa Mississippi walifungua hapo Taborian Hospital: vitanda 42, vyumba viwili vya upasuaji mkubwa, eksirei, maabara. Ujenzi ulizidi dola 100,000, nyingi zikitoka mifukoni mwa watu waliolima pamba katika mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mgonjwa Mweusi aliyezoea kupitishwa mlango wa pembeni mahali pengine, hapa aliingia kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1967 serikali kuu ya Marekani, katika mpango wake wa kupambana na umaskini, ilileta fedha na chama kikaondoka usukani. Tangu hapo kuna kambi mbili. Moja husema hospitali ilikuwa imekwisha na serikali iliiokoa. Nyingine husema serikali ndiyo iliyoizika.

Kiini cha ubishi ni ada. Mwaka 1944 mtu mzima alilipa dola 8.40 kwa mwaka, yaani senti 70 kwa mwezi. Mtoto, dola 1.20. Kwa fedha hiyo mtu mzima alistahili kulazwa hadi siku 31, upasuaji ukiwemo, mdogo au mkubwa. Wanaouita mpango huo bima ya kuigiza na washike kalamu. Vitanda 42 vinatoa siku 15,330 za kulazwa kwa mwaka. Wanachama 495 tu, kila mmoja akizimaliza siku zake 31, wanavijaza vyote tangu Januari hadi Desemba. Upande wa mapato, kila watu 10,000 wakilipa bila kukosa ni dola 84,000. Zigawe kwa siku hizo na kila siku ya kitanda inapata kama dola tano na nusu, za mishahara, chakula, dawa, shuka na nyuzi za kushonea. Basi ada ndogo kiasi hicho, ya wanaolazwa pekee, isingeweza kuibeba hospitali. Kilichoibeba ni wingi wa wazima walioendelea kulipa bila kuugua.

Na kijana wa miaka 25, mwenye afya, analipaje mwaka hadi mwaka kwa kitanda asichokilalia? Hapo ndipo majoho yanapoingia kazini. Mkutano, kiapo na cheo ndivyo vilivyomrudisha kijana huyo mbele ya mweka hazina, jina lake likisomwa majirani wakisikia. Kampuni ya bima hujikinga na mtu anayejiunga akiwa tayari mgonjwa kwa fomu na daktari wake. Chama cha udugu kilijikinga kwa kumjua mtu: nani anakohoa tangu mvua za mwaka jana, nani anajilaza tu. Ukiita sherehe hizo upuuzi, umeita mfumo wa kukusanya ada upuuzi.

Lakini mfumo huohuo ndio uliokuwa na ufa. Oktoba 1944, mwaka uleule wa ada ya dola 8.40, mashine za kuvuna pamba zilionyeshwa hadharani katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, kaskazini kidogo ya Mound Bayou. Vijana wakazidi kuelekea Chicago, wazee wakabaki. Kwa wanachama 10,000, wastani wa siku moja ya kulazwa kwa mwaka unaacha theluthi ya vitanda wazi. Wastani ukifika siku moja na nusu, vimejaa. Nusu siku tu! Juu ya hayo, T. R. M. Howard, mkuu wa kwanza wa upasuaji, alikosana na viongozi, na kufikia 1948 kukawa na Friendship Clinic, chini ya chama kingine, mjini humohumo. Hospitali mbili, mji mmoja, wachangiaji walewale.

Wanaoitetea serikali wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Hospitali ya chama humtibu kwanza aliye na kadi, na maskini wa kutupwa hana senti 70. Madaktari walikuwa wachache, na chama kilitegemea pia madaktari wa Chuo cha Tiba cha Meharry kutoka Nashville. Baada ya sheria ya 1964 iliyokataza ubaguzi na ile ya 1965 iliyoleta Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, mzee mwenye bima hiyo aliweza kutibiwa hospitali ambayo zamani ingemfukuza. Hakuna kiapo kinachoshindana na hilo, wala hakikupaswa kushindana.

Hata hivyo, ziwekeni pamoja namba mbili. Chini ya chama, hospitali iliendeshwa miaka 25, katikati ya ubaguzi wa kisheria. Ikawa Mound Bayou Community Hospital, ikiunganishwa na Friendship Clinic, ikaishi miaka 16. Sisemi miaka hiyo 25 ingerudiwa. Hesabu ya vitanda hapo juu inakataa. Ninachosema ni kwamba fedha za Washington zingeweza kulipia vitanda bila kukiondoa chama kwenye uendeshaji, maana mwanachama anayechagua viongozi na kuulizwa ada ana sababu ya kuidai hospitali yake. Baada ya 1967 alibaki kuwa mgonjwa tu. Milango ilipofungwa mwaka 1983, hakukuwa na mweka hazina wa kuita majina.