Mwalimu wa tuisheni: atafutwe kwa sifa zake au kwa upungufu wa mtoto?

Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha pili, maswali yanayoulizwa mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni jijini Tanga hufanana: ni mwalimu gani wa Hisabati anayesifika sasa, anafundishia wapi, na anachukua kiasi gani kwa mwezi. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza swali lililopaswa kutangulia, yaani mtoto wake amekwama wapi hasa. Wapo wanaoshikilia kwamba mwalimu hodari ni hodari kwa kila mtoto, na kwamba kazi ya mzazi ni kumtafuta huyo hodari na kubana matumizi ili amlipe. Wengine husema hakuna mwalimu anayewafaa wote, na anayemwinua mtoto huyu aweza kumpotezea muda yule. Binafsi naegemea upande wa pili, ila si bila masharti, kwa sababu upande wa kwanza una hoja ambazo wengi wetu tunaoandika kuhusu elimu huzipita haraka mno.

Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, watoto wengi zaidi wameingia darasani, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na aliyewahi kuchungulia madarasa ya mjini anajua kwamba kiwango hicho mara nyingi kipo kwenye karatasi tu. Katika darasa lililofurika, mtoto aliyeachwa nyuma na mada ya mwezi Machi hana wa kumrudia mwezi Aprili, maana mada mpya zinasubiri. Tuisheni imeota katika pengo hilo.

Tuanze na hoja ya mwalimu mwenye jina. Kwa kawaida amefundisha madarasa ya mtihani miaka mingi, pengine amewahi kusahihisha mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa, na anajua msahihishaji hutoa alama katika hatua zipi. Si jambo dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne, daraja D huanzia alama 30 na C huanzia 45. Kwa mtoto anayepata 26 kwenye mitihani ya majaribio, kufundishwa kuonyesha hatua za kazi yake, kuchagua maswali ya kuanza nayo na kutoacha swali tupu kunaweza kumvusha hata kabla hajaongeza maarifa mengi. Tena mwalimu huyu hufundisha kundi, hivyo bei yake huweza kumudiwa hata na mama anayeuza samaki Deep Sea, na watoto hushindana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo mwalimu wa kuja nyumbani hawezi kulileta mfukoni. Kwa mtahiniwa mwenye msingi mzuri aliyebakiza miezi mitatu, sina neno dhidi ya mwalimu wa namna hii. Tatizo huanza anapopelekewa mtoto ambaye msingi wake una tundu.

Mchukulie msichana wa kidato cha pili ambaye nyumbani wamekwisha kubaliana kwamba aljebra imemshinda. Ukikaa pembeni yake, ukamwacha atatue mlinganyo bila kumkatiza, utaona anahamisha herufi vizuri na kubadilisha alama inavyotakiwa, kisha anafika mahali pa kujumlisha nusu na theluthi, anaandika mbili ya tano, na kuendelea kwa kujiamini hadi kwenye jibu lisilo sahihi. Amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwalimu wa aljebra ataona kosa, atafuta, atatatua upya ubaoni kwa ustadi, msichana atanakili, na wiki inayofuata kosa litarudi palepale. Mwalimu mwingine atamwachia kalamu na kumuuliza swali moja: kati ya nusu na mbili ya tano, ipi kubwa? Akishaona, hata kwa kuchora mstari na kuugawa, kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu, itambidi aeleze imekuwaje ameanza na nusu, akaongeza kitu juu yake, akaishia na pungufu. Kumbe aljebra haina hatia. Kinachotakiwa ni wiki tatu au nne za sehemu, somo la shule ya msingi, kwa mtu asiyeona haya kulifundisha kwa mtoto wa sekondari.

Jambo hili wazazi wa Tanga wanalielewa vizuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu watoto wao hulipitia kila alasiri chuoni, yaani madrasa. Mbele ya ustadhi, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyechelewa kuanza huketi na wa miaka saba, kila mmoja na somo lake. Aliye kwenye herufi harukishwi hadi Juzuu Amma kwa sababu ya umri wake, wala mzazi halalamiki. Mzazi huyohuyo akikuta mwanawe wa kidato cha pili anafundishwa sehemu za darasa la tano kwenye tuisheni, atasema pesa yake inachezewa. Walimu wanalijua hilo, na wengi, kwa kulinda kibarua, huamua kufundisha kile mzazi anachotaka kukiona daftarini.

Utafiti unaunga mkono mafunzo ya mtu mmoja mmoja, ingawa kwa kiasi kinachopaswa kusemwa kwa uangalifu. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyepata mwalimu wake binafsi aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Takwimu hiyo imerudiwa hadi imegeuka tangazo la biashara. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi wale walitakiwa pia kulimudu somo moja kabla ya kupewa linalofuata, na walirekebishwa kila walipokosea. Uchambuzi wa Kurt VanLehn wa mwaka 2011, uliolinganisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba faida ipo na ni kubwa, lakini haifiki hata nusu ya ile iliyotajwa na Bloom. Kwa maneno mengine, kukaa peke yako na mwalimu si dawa yenyewe. Dawa ni kile ambacho ukaribu huo humwezesha mwalimu kukiona na kukirekebisha.

Niondoe pia dhana moja iliyoenea. Wapo wanaojinadi kwamba humpima mtoto kama ni wa kujifunza kwa macho, kwa masikio au kwa vitendo, kisha humfundisha kwa njia yake. Inapendeza kusikia. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia ushahidi uliokuwapo, na hawakupata msingi wa kutosha wa kuhalalisha utaratibu huo. Mahitaji ya mwanafunzi ninayoyazungumzia hapa ni mambo ya kushikika: mada gani haijui, lugha gani inamzuia, nini kinamtia hofu, anaona ubao au haoni.

Swali gumu zaidi, ambalo wazazi hulizungumza kwa sauti ya chini, ni kama mwalimu wa tuisheni awe yuleyule anayemfundisha mtoto shuleni. Wanaokubali wana sababu nzito. Mwalimu huyo amekwisha kuona madaftari yake, anajua mada imefika wapi, familia inamfahamu, na kwa kuwa mshahara haumtoshi, pesa hiyo humsaidia kubaki katika kazi ambayo wengine wameikimbia. Wanaokataa wana sababu nzito vilevile. Mwalimu anayelipwa jioni hujaribiwa, hata bila kukusudia, kuacha nusu ya somo la asubuhi. Na mtoto ambaye kwao hawana pesa hukaa darasani akijua kwamba maelezo yenyewe yatatolewa baadaye, mahali asipokuwapo. Serikali imekuwa ikikemea michango ya tuisheni ya lazima mashuleni kwa sababu ya mambo kama haya. Majirani zetu ng'ambo ya Horohoro walikwenda mbali zaidi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwalazimisha wanafunzi kuhudhuria tuisheni za likizo. Korea Kusini ilipiga marufuku tuisheni za binafsi mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama yake ya Katiba ikaitengua marufuku hiyo, kwani katika miaka yote ile hamu ya wazazi ilikuwa imetafuta milango ya nyuma.

Kipimo changu katika hili ni kuangalia kwa nini mtoto amekosa somo. Kama hakuwapo, kwa kuwa aliugua malaria muda mrefu au alihamia shule hiyo katikati ya muhula, mwalimu wake wa shuleni ndiye anayemfaa kuliko wote, kwa sababu anajua ni nini hasa kilipita bila yeye. Lakini kama alikuwapo siku zote, akasikiliza na asielewe, kumrudisha jioni kwa mwalimu yuleyule ni kununua maelezo yaleyale mara ya pili. Na kama anamwogopa, jioni hatathubutu kuuliza zaidi ya alivyouliza asubuhi.

Kwa hali hiyo ya pili, wengi huwaendea vijana waliomaliza vyuo vya ualimu ambao bado wanasubiri ajira. Wana muda, hawachoki kuulizwa jambo moja mara tano, na umri wao humfanya mtoto awe huru. Kasoro zao zinajulikana: uzoefu wa mitihani ni mdogo, na ajira ikitoka ya Kigoma, wiki hiyohiyo wamefunga mizigo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umewapunguzia kidogo udhaifu wa kwanza, kwa sababu hata mkongwe mwenye sanduku la mitihani ya zamani sasa analazimika kusoma upya. Ni haki ya mzazi kumuuliza mwalimu yeyote anafuata muhtasari upi.

Kuna kundi kubwa la watoto wanaodhaniwa kuwa dhaifu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, ilhali udhaifu wao ni mmoja. Wamesoma kwa Kiswahili shule ya msingi yote, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza. Kulitambua hili hakuhitaji mtaalamu: chukua swali alilolikosa, mweleze kwa Kiswahili kwa mdomo, umsikilize. Akijibu vizuri, familia haihitaji walimu watatu wa sayansi. Inahitaji mmoja wa lugha, au mmoja wa sayansi anayeweza kuvuka kati ya lugha hizo mbili bila kuona kwamba anajishusha.

Mahitaji mengine tuisheni haiyafikii kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi za wazazi hupotea. Mtoto anayenakili kutoka kwa jirani yake badala ya ubaoni, anayekunja uso na kulisogeza daftari karibu na pua, apelekwe kupimwa macho katika Hospitali ya Bombo kabla ya kutafutiwa mwalimu yeyote. Anayejibu vingine kila anapoulizwa akiwa amegeukia upande wa pili, apimwe masikio. Yupo pia mtoto wa darasa la tano anayesimulia hadithi kwa ufasaha, lakini akipewa kitabu huruka mistari na bado huchanganya b na d. Huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, na kumzidishia saa za kusoma kwa njia ileile kutamfanya aichukie shule tu. Walimu waliosomea elimu ya mahitaji maalumu ni wachache. Chuo kinachojulikana zaidi kwa kuwaandaa ni Patandi, mkoani Arusha. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na Irente kule Lushoto, penye shule ya wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, lakini kwa familia ya Duga au Pongwe huko ni safari ya kupanda milima. Kwa hiyo mwalimu wa tuisheni aliye tayari kusema kwamba jambo hili limemzidi ana thamani kubwa kuliko anayeahidi kila kitu, hata kama kwa kusema hivyo anapoteza mteja.

Mambo ya utaratibu nayapitia kwa haraka. Masomo ya nyumbani yafanyike barazani au sebuleni penye watu, hasa mwalimu akiwa mwanamume na mwanafunzi msichana. Mwalimu mwenye heshima zake hatakwazika. Ratiba izingatie chuo, kwani mtoto anayetoka shule, akaenda chuoni, kisha akaketi na mwalimu baada ya isha atakuwa anasinzia. Na pale wazazi watatu wa mtaa mmoja wanapogundua kwamba watoto wao wana tundu lilelile, kuchanga pesa na kumwita mwalimu mmoja huleta sehemu kubwa ya faida za pande zote mbili. Kinachokwamisha ni kwamba wachache wako tayari kumwambia jirani kwamba mwanawe hajui sehemu.

Linabaki suala la malipo, ambalo nadhani halijadiliwi vya kutosha. Mwalimu anayelipwa kwa mwezi hana sababu ya kumaliza. Ningependelea alipwe kwa mada: sehemu kiasi hiki, namba hasi kiasi hiki, na mtoto akiimudu wanaachana au wanaanza nyingine. Walimu wengi hulikataa pendekezo hili, na wana haki, kwa sababu mtoto asiyehudhuria au asiyefanya mazoezi huwaangushia hasara isiyo yao. Inayobaki ni njia ya katikati, ya kulipa kwa mwezi lakini mada na tarehe ya kupima vikiwa vimetajwa tangu siku ya kwanza, na jaribio lenyewe likitungwa na mtu asiyelipwa kwa matokeo yake, hata akiwa dada wa mtoto aliyeko kidato cha sita.