Ndugu wa Marx: nawapenda, ila kwa kuchagua

Vichekesho vya Hollywood vya miaka ile sauti ilipoingia kwenye filamu vina watazamaji wa aina mbili. Kuna anayeapa kwamba tangu hapo hajazaliwa mchekeshaji, na kuna anayezima baada ya dakika kumi kwa sababu mtu ameanza kuimba. Mimi ni wote wawili, na wanaonitia katika hali hiyo kuliko wengine ni Groucho, Chico, Harpo na Zeppo, ndugu wa Marx. (Hawana undugu na yule wa ukomunisti.)

Chukua The Cocoanuts ya mwaka 1929. Mchana walikuwa studio za Astoria, New York, wakipigwa picha. Usiku wanakimbilia Broadway kucheza tamthilia nyingine. Maikrofoni za wakati ule zilidaka kila mchakacho, hata wa karatasi, kwa hiyo karatasi zililowekwa maji kwanza. Angalia Groucho anapomwonyesha Chico ramani: imelegea kama kitambaa cha deki. Kamera nayo imefungiwa ndani ya kibanda ili mngurumo wake usisikike, basi haisogei. Anayesema hiyo ni tamthilia tu iliyowekewa kamera mbele yake, simbishii.

Lakini bila sauti Groucho asingefika popote, maana silaha yake ni mdomo. Anamtongoza mjane tajiri, na kabla hajameza mate ameshamtukana. Mjane huyo karibu kila mara ni Margaret Dumont, anayesimama pale kwa heshima zake zote kana kwamba amealikwa kwenye filamu nyingine. Angecheka hata kidogo, utani wote ungeanguka.

Kwa bahati mbaya, mdomo ndio uliozeeka mapema. Mizaha mingi ilitegemea mambo yaliyovuma New York siku hizo, na mingine ni kucheza na maneno ya Kiingereza kwa kasi ambayo hata DJ Afro, yule msimulizi wa filamu wa Kenya, ingemtoa jasho. Unabaki unajua kwamba hapa watu walicheka, bila kujua kwa nini.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba tukio ninalolipenda kuliko yote katika filamu zao za sauti halina sauti. Liko kwenye Duck Soup ya 1933, iliyoongozwa na Leo McCarey, mtu aliyekwishafanya kazi na wachekeshaji Laurel na Hardy enzi za filamu bubu. Harpo, jasusi aliyejigeuza awe kama Groucho kwa shati refu la kulalia, kofia ya usiku, masharubu na miwani, amevunja kioo kikubwa. Groucho anakuja kuchungulia. Harpo anasimama pale kioo kilipokuwa na kujifanya ndiye sura yake. Groucho akiinua mguu, naye anainua. Akizunguka, Harpo hazunguki. Anamsubiri tu amalize, kisha anamalizia mkao uleule. Halafu Harpo anaangusha kofia, na Groucho anamwokotea! Hakuna muziki, hakuna neno. Mchezo wenyewe ni wa zamani, mchekeshaji Mfaransa Max Linder aliufanya mwaka 1921, lakini hapa umekaa sawasawa.

Duck Soup haikuleta fedha ilizotarajiwa. Zeppo akajitoa, na watatu waliobaki wakahamia studio ya MGM kwa mtayarishaji Irving Thalberg. Hapo ndipo mashabiki wanapogombana. Thalberg alitaka hadithi yenye kichwa na miguu, wapenzi wawili wa kuonewa huruma, na vichekesho vipungue. Matokeo yake, watu waliokuwa wakivuruga kila kitu bila sababu wakawa wasaidizi wa kijana anayetafuta mchumba. Ningependa kumlaumu, ila kabla ya A Night at the Opera ya 1935 aliwapeleka wapimie mizaha jukwaani mbele ya watu, na humo ndimo limo tukio la chumba cha meli, watu 15 wamesongamana kwenye kijichumba hadi mlango unafunguliwa na wote wanamwagika nje. Filamu hiyo ililipa, na Groucho mwenyewe aliithamini sana.

A Day at the Races ya 1937 ndiyo inayonikwaza kweli. Ivie Anderson, mwimbaji wa bendi ya jazz ya Duke Ellington, anaimba, na vijana weusi wa kundi la dansi la Whitey's Lindy Hoppers wanacheza kwa namna ambayo sijaona filamu ya wakati huo ikiikaribia. Polisi wanafika, na ndugu hao watatu wanajipaka grisi ya gari usoni ili wajifiche kati ya watu weusi. Wapo wanaosema enzi zilikuwa hivyo. Sawa, lakini walioonyesha ufundi mkubwa kuliko wote humo hata nafasi ya kuwa na majina katika hadithi hawakupewa. Nalirudia dansi lile, na nalikata kabla ya grisi.

Nyimbo za wapenzi nazipeleka mbele bila haya. Mwenyewe Groucho, kwenye filamu yao Horse Feathers, Chico akikaa kwenye piano, anatugeukia na kutuambia kwamba yeye hana budi kubaki, ila sisi tunaweza kutoka nje hadi yaishe. Anayetaka kuanza aanze na Duck Soup: dakika 68, hakuna Harpo kutupigia wimbo mzima wa kinubi wala Chico wa piano.