Stalagmaiti Si Mkuki

Mapango mengi ya mfano yanayotengenezwa kwa michezo ya mezani ya vinyago (visanamu vidogo vya wahusika) yana kasoro moja: stalagmaiti, nguzo za mawe zinazoota sakafuni mwa pango, zimechongoka na kupakwa kijivu kitupu. Kwangu hilo linaua pango zima. Yenye ncha ni stalaktaiti, inayoning'inia darini. Stalagmaiti huota kutoka chini, na kwa kuwa tone la maji huanguka na kutawanyika juu yake, kichwa chake huwa butu na mwili mnene.

Kwa hiyo acha kuchonga, dondosha. Gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya gundi, hutiririka na kuganda kwa namna inayokaribiana sana na umbo la jiwe lenyewe. Kata kijiti cha mshikaki, kibaki milimita 40 hadi 90 juu ya ardhi (kinyago cha kawaida kina kama 30). Kichomeke kwenye foamu ngumu iliyofunikwa karatasi ya kuokea, minya gundi kileleni, iache ishuke yenyewe. Ipoe kabisa, ndipo urudie, mara tatu au nne. Wengi huharibu hapa: tabaka la pili likiwekwa la kwanza lingali moto, yote huyeyuka pamoja, mifereji hupotea, linabaki donge. Bunduki ya gundi ya joto la chini husaidia sana.

Kwenye rangi kuna mtego. Rangi ya kopo la kupuliza huila foamu ya polistireni iliyo wazi na kuacha mashimo. Ukikimbilia rangi ya maji, nayo haishiki vizuri kwenye gundi kwa sababu ya ulaini wake. Hubanduka ukiikwaruza kwa kucha. Basi pulizia stalagmaiti praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine) zikiwa peke yake, kisha zibandike kwenye ardhi ya foamu uliyokwisha kuipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi.

Kalsaiti, madini yanayojenga stalagmaiti, ikiwa safi ni nyeupe. Chuma ndicho huitia rangi ya kutu. Anza na kahawia iliyokolea, pitisha brashi kavu (iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo tu) yenye rangi ya mchanga, malizia kwa krimu vichwani tu. Vanishi ya kung'aa iguse vichwa na mifereji michache. Ukiipaka kote, jiwe linageuka plastiki.

Kitako cha pango kiwe MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa) ya milimita 3, maana kadibodi hupinda gundi ya maji inapokauka. Kati ya nguzo acha milimita 35, kinyago chenye kitako cha 25 kipite na vidole viingie. Dari sishauri kabisa, linazuia mikono. Stalaktaiti moja iliyovunjika, imelala sakafuni, inatosha kuonyesha kwamba juu kuna mwamba.